Kanuni zinapobadilika Fungurume: ulipie nini, uache nini

Tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kongo ilizuia kobalti kutoka nchini. Zuio lilitangazwa kuwa la miezi minne, mwezi wa Juni likaongezwa mitatu, na kuanzia 16 Oktoba njia ikafunguliwa kwa mgao: tani 18,125 kwa wiki zilizobaki za mwaka huo, kisha tani 96,600 kwa 2026 na kiasi hichohicho kwa 2027, chini ya mamlaka inayoitwa ARECOMS. Dunia ilitazama bei. Fungurume, kwenye barabara ya taifa kati ya Likasi na Kolwezi, habari hiyo iliingia pia katika vyumba ambavyo havitajwi magazetini: kwa karani wa malori, kwa mhasibu, kwa kijana anayetayarisha hati za mizigo. Kila mmoja wao ana kompyuta inayomwambia kipi kinaruhusiwa, kwa kiwango gani, tangu tarehe ipi. Ndani ya mwaka mmoja, kanuni ileile ya kobalti ilibidi iandikwe upya zaidi ya mara moja.

Makala haya nayaandika kwa wenye kampuni ndogo na za kati zinazoishi kwa kandarasi za migodi, wale wanaoitwa hapa sous-traitants: wasafirishaji, wapishi wa kambi, mafundi wa mitambo, walinzi. Sheria ya 8 Februari 2017 iliwatengea kazi hizi Wakongomani, na kampuni nyingi zimekua tangu hapo. Zikishakua, hufika muuzaji wa programu na maneno matamu kuhusu mfumo wa kusimamia kanuni. Mwenye kampuni hubaki akijiuliza: ninunue, nichukue wa bure, au niendelee na Excel yangu? Jibu langu ni kwamba leseni ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Pesa huliwa na namna kanuni mpya inavyoingia, na fedheha hutokana na kanuni iliyoingia bila kupimwa.

Kwanza tuelewane tunanunua nini. Katika programu nyingi kanuni imezama ndani ya msimbo. Aliyeandika asilimia ya makato ya mshahara ameiandika katikati ya mistari elfu tatu, na siku asilimia ikibadilika lazima atafutwe yeye mwenyewe, awe bado yuko Fungurume au amekwenda kutafuta maisha Lusaka. Mfumo wa kanuni huitoa asilimia hiyo nje, ukaiweka katika hazina, na injini, yaani programu inayozitekeleza kanuni, ikaisoma kutoka huko. Hazina nzuri huruhusu pia programu nyingine kuiandikia: unatoka waraka wenye viwango arobaini, programu ndogo inasoma jedwali la waraka huo na kuviingiza vyote kwa mara moja, bila karani kukaa akibofya dirisha moja baada ya jingine hadi macho yamuume.

Uzito wa jambo hili hapa Lualaba, jimbo la Fungurume, unaonekana kwenye mrabaha wa madini. Sheria ya mwaka 2002 iliweka asilimia 2 kwa shaba na kobalti. Marekebisho ya 9 Machi 2018 yakapandisha hadi 3.5. Miezi michache baadaye, amri ya 24 Novemba 2018 ikaiweka kobalti katika madini ya kimkakati, na kiwango chake kikawa asilimia 10. Kwa hiyo shaba ya dola milioni moja inatoa mrabaha wa dola 35,000, na kobalti ya thamani hiyohiyo inatoa 100,000. Mrabaha huo hugawanywa: nusu kwa serikali kuu, robo kwa jimbo, asilimia 15 kwa mamlaka ya mahali penye mgodi, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Katika ule wa kobalti, dola 15,000 ni haki ya watu wanaokaa jirani na shimo. Mhasibu aliyeacha kanuni ya zamani ikafanya kazi wiki mbili zaidi amewapunguzia fungu lao, hata kama hakukusudia. Wala hesabu za nyuma hazifi. Mgodi wa Tenke Fungurume, ambao kampuni ya Kichina ya CMOC inamiliki asilimia 80 na Gécamines, kampuni ya serikali, 20, ulizuiwa kusafirisha kuanzia Julai 2022 hadi mwaka uliofuata kwa sababu ya mgogoro juu ya hesabu ya akiba na malipo yanayotegemea akiba hiyo. Mwishoni CMOC ilikubali kulipa dola milioni 800. Mgogoro wa namna hiyo ukifika, swali la kwanza huwa: mlitumia kiwango gani mwaka ule, na ni nani aliyekiweka?

Mkandarasi mdogo hahesabu mrabaha, lakini mishahara anaihesabu, na huko kanuni ni nyingi zaidi. Michango ya hifadhi ya jamii, CNSS, ni asilimia 5 kutoka kwa mfanyakazi na 13 kutoka kwa mwajiri. Kima cha chini cha mshahara kilikaa faranga 7,075 kwa siku tangu 2018, mwaka 2025 kikawa 14,500, na hatua iliyofuata, ya Januari 2026, ikapangwa kuwa 21,500. Kodi ya mishahara ya IPR, kwa ngazi zilizotumika mwaka 2024, ilianza na asilimia 3 kwa faranga 162,000 za kwanza za mwezi, kisha 15, kisha 30, hadi 40, jumla isizidi asilimia 30 ya kipato kinachotozwa, na kwa kila mtegemezi punguzo la asilimia 2, mwisho wategemezi tisa. Ongeza posho za zamu ya usiku, ongeza masharti ya kila mgodi kwa wakandarasi wake. Kampuni ya watu sitini inaweza kujikuta na kanuni mia moja bila kujua.

Sasa chaguo lenyewe. Wengi wako kwenye Excel, na siwacheki. Excel inajulikana, haihitaji intaneti, na mhasibu anaiona kanuni kwa macho yake. Ubaya wake ni nakala: moja kwenye kompyuta ya ofisi, moja kwenye flashi, moja kwenye simu ya bosi, na hakuna ajuaye ipi ndiyo mama. Kuna na mtego mwingine unaotuhusu sisi tunaofanya kazi kwa Kifaransa. Excel ya Kifaransa huandika 3,5 kwa koma na hutenganisha safu kwa nukta-mkato. Programu iliyoandikwa kwa mazoea ya Kiingereza hungoja 3.5 kwa nukta. Ukiiacha programu isome faili hilo bila kuiambia, huenda ikagoma, na hapo umepona, au huenda ikasoma 35. Asilimia 35 ya mrabaha, au ya makato ya mfanyakazi, itapita kimya hadi siku ya malipo.

Hatua ya pili, na ambayo naiona inawafaa wengi, ni jedwali ndani ya hifadhidata. PostgreSQL ni ya bure na inakaa kwenye kompyuta yoyote ya ofisi. Unaunda jedwali moja: jina la kanuni, kiasi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha, namba ya amri au waraka ulioileta, aliyeandika, aliyekubali. Programu ya kuongeza kanuni inakuwa fupi mno, kijana aliyesoma Salama, ile shule ya informatika ya Lubumbashi, anaiandika kwa siku chache. Kizuri zaidi, PostgreSQL ina sharti la kukataa vipindi vinavyopandana. Ukijaribu kuingiza kiwango cha pili cha CNSS kwa siku ambayo tayari ina kiwango, hifadhidata yenyewe inakataa. Ulinzi huo haulipiwi hata senti, na sijaona sababu ya mkandarasi kuuacha.

Kikomo chake ni kwamba jedwali linashika namba vizuri kuliko linavyoshika masharti. "Lori likibeba kobalti, na tarehe iko ndani ya zuio, usitoe hati, likibeba shaba, angalia uzito wa mizani kwanza." Masharti kama haya yakifika kumi na tano, yakaanza kugusana, ndipo injini ya kanuni inapopata kazi.

Injini ya bure inayotajwa zaidi ni Drools, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu historia yake ina somo la pesa. Bob McWhirter aliianzisha mwaka 2001. Ikaingia JBoss 2005, JBoss ikanunuliwa na Red Hat 2006, Red Hat ikanunuliwa na IBM 2019, na mwaka 2023 msimbo ukakabidhiwa kwa Apache, ambako sasa unaitwa Apache KIE. Leseni imebaki ya bure muda wote huo. Hazina yake ndiyo haikubaki. Zama za toleo la 5 ilikuwepo Guvnor, hazina yenye dirisha la mtandao na mlango wa programu: unatuma kanuni kwa njia ya REST, inaingia kwenye kifurushi, injini inaichukua. Waliojenga mifumo yao juu ya mlango huo waliufurahia hadi 2013, toleo la 6 lilipotoka na kuhamishia kila kitu kwenye Git, chombo cha kutunza matoleo ya faili. Guvnor ikaisha. Mrithi wake, aliyekuja kuitwa Business Central, naye hakuvuka kwenda toleo la 8. Katika muda wa miaka kumi hivi, mlango wa kuingizia kanuni ulivunjwa mara mbili, na kila mara aliyeutegemea alilipa upya kazi ya kuunganisha.

Lakini faili za kanuni zenyewe, zile za DRL, ziliendelea kusomeka kwa marekebisho madogo. Kwa hiyo ukichagua Drools, kanuni zako ziweke kama maandishi ya kawaida ndani ya Git, na programu yako iongee na Git pamoja na injini, isitegemee dirisha la hazina lolote. Kazi yenyewe haina uchawi. Programu inasoma jedwali, inaandika DRL kwa kufuata kiolezo, inaiweka kwenye KieFileSystem, inaiita KieBuilder ijenge, halafu inasoma orodha ya makosa. Likiwepo kosa hata moja inasimama hapo. Yakikosekana, toleo jipya linatolewa na injini inahamia humo bila seva kuzimwa. Drools inajua pia kusoma majedwali ya Excel moja kwa moja, jambo linalomwacha mhasibu kwenye chombo anachokizoea.

Gharama ya Drools ni mtu wa Java. Hawa wapo Lubumbashi na Kolwezi, ila migodi mikubwa inawahitaji pia na inalipa vizuri kuliko wewe. Gharama ya pili ni ya kwanza kuonekana: siku ya kujenga mradi, Maven, chombo cha kujengea programu za Java, hupakua lundo la vifurushi kutoka mtandaoni, na kwa kifurushi cha data cha simu hiyo ni pesa na ni mchana mzima. Upakuaji huo ufanyike kwenye mtandao imara, mjini, kwa amri ya dependency:go-offline, halafu kompyuta iletwe Fungurume ikiwa na kila kitu. Baada ya hapo injini haihitaji intaneti kufanya kazi, na umeme wa SNEL ukikatika, kompyuta ndogo yenye betri inatosha kuendelea kuhesabu.

Asiyetaka kuandika DRL aitazame OpenL Tablets. Nayo ni ya bure na ya Java, ila kanuni zake ni Excel tangu mwanzo hadi mwisho, na hazina yake inaweza kuwa Git. Kwa ofisi ambayo mhasibu ndiye mwenye kanuni na mtaalamu wa kompyuta anakuja mara moja kwa mwezi, ningeijaribu hii kabla ya Drools. Ipo pia Zen ya GoRules, injini nyepesi inayoshika kanuni katika faili za JSON na kuitwa kutoka Python au Node. Injini ni ya bure kabisa, bali jukwaa lao la kusimamia kanuni ni la biashara. Kama kijana wako anajua Python na hajui Java, jibu limeshapatikana. Camunda naitaja kwa tahadhari tu: toleo la 7 la bure lilifika mwisho wa safari yake Oktoba 2025, na tangu 8.6, ya Oktoba 2024, kutumia toleo la 8 kazini kunadai leseni ya kulipia. Muuzaji akikuletea Camunda "ya bure", muulize toleo.

Upande wa kulipia, jina kubwa ni IBM ODM. Chimbuko lake ni ILOG, kampuni ya Ufaransa ambayo IBM iliinunua, biashara ikikamilika Januari 2009 kwa takriban dola milioni 340. Ina kitu kizuri cha kweli: kanuni huandikwa kwa sentensi zinazosomeka na mtu wa kawaida, hata kwa Kifaransa, na hazina yake ina mlango wa REST wa kuongeza, kupima na kutoa kanuni, pamoja na kumbukumbu ya kila badiliko. Bei haibandikwi ukutani. Unaomba, wanakutumia, nayo hupimwa kwa ukubwa wa seva. FICO Blaze Advisor iko katika daraja hilohilo. Kwa mgodi wenyewe, wenye wakaguzi wa nchi tatu na kanuni maelfu, ninaelewa kwa nini walipe. Kwa mkandarasi wa malori ishirini ni pesa ambayo ingelipa matairi.

Kuna sababu ya kiufundi pia ya mkandarasi kutolipia. Nguvu ya injini hizi nyingi inatokana na Rete, mbinu aliyoibuni Charles Forgy katika Chuo cha Carnegie Mellon miaka ya 1970 ili kulinganisha kanuni nyingi na data nyingi bila kurudia kazi. Chuo hichohicho kilitoa XCON, mfumo wa kupanga kompyuta za kampuni ya Digital ulioanza kazini mwaka 1980. Kanuni zake zilifika maelfu, na kilichowachosha wenyewe hakikuwa mwendo wa injini. Ilikuwa kuzibadilisha kanuni bila kuvunja nyingine. Mwenye kanuni mia moja hana tatizo la mwendo hata akitumia kompyuta ya mwaka 2015. Tatizo la kubadilisha analo tayari.

Ndiyo maana pesa ambayo hukulipia leseni uitumie mlangoni, pale kanuni zinapoingilia. Kila kanuni inayoingia kwa programu iingie na mfano wake: mshahara huu, wategemezi hawa, jibu liwe hili. Mfano autengeneze mhasibu kwa kalamu, asiwe yule aliyeandika programu. Programu ihesabu, ilinganishe, na ikatae isipolingana. Kanuni ya zamani isifutwe kamwe. Ifungwe tarehe tu, ili mkaguzi wa kodi wa DGI akiuliza juu ya mshahara wa Aprili 2025, mfumo uhesabu kwa kima cha Aprili 2025. Na aliyeandika asiwe ndiye anayekubali. Kwenye Git jambo hili ni rahisi, ila lina bei iliyojificha: GitHub inatoa hazina za faragha bure, lakini kulifunga tawi kuu ili hakuna anayepitisha badiliko bila mwenzake kulikubali, kwenye hazina ya faragha, kunahitaji mpango wa kulipia. Ule wa timu umekuwa dola 4 kwa mtu kwa mwezi, kwa watu watatu ni dola 144 kwa mwaka. Gitea hufanya kazi hiyo bure kwenye kompyuta yako mwenyewe, ikiwa una mtu wa kuitunza.

Tuweke hesabu pamoja kwa kampuni ya watu sitini. Njia ya PostgreSQL kwenye kompyuta iliyopo ofisini: programu sifuri, siku chache za kijana, betri au sola ambayo pengine unayo, na diski ya pili ya nakala inayolala nyumba nyingine. Njia ya Drools au OpenL kwenye seva ya kukodi nje, yenye kumbukumbu ya GB 4: kwa mfano wa DigitalOcean bei imekuwa dola 24 kwa mwezi, yaani 288 kwa mwaka, na juu yake wiki kadhaa za mtu wa Java mwanzoni, kisha siku zake kila kanuni zinapobadilika umbo. Seva ya nje inakupa umeme usiokatika na inakunyima hesabu siku mtandao ukilala. Kwa mishahara, inayofanywa mara moja kwa mwezi, unaweza kungoja. Kwa hati za malori yaliyopanga foleni kwenda mpakani Kasumbalesa huwezi, kwa hiyo injini ya hati ikae Fungurume, ipokee kanuni mpya mtandao ukirudi.

Mkandarasi ambaye kanuni zake karibu zote ni namba na tarehe achukue jedwali. Mwenye masharti yanayogusana na mtu wa Java wa kudumu achukue Drools, faili zikiwa kwenye Git. Mwenye mhasibu hodari na mtaalamu wa kukodi aanze na OpenL. Kabla ya kutia saini yoyote, mwambie muuzaji atoe kanuni zako zote kutoka kwenye mfumo wake mbele yako, ziwe faili unalolifungua bila programu yake, kisha aingize moja mpya kwa programu, yenye kosa la makusudi, 35 badala ya 3,5. Mfumo ukiipokea, usilipe.